Taarifa kwa polisi sio kuomba ruhusa

Umeuliza kama watu wachache wa mtaa mmoja lazima waombe ruhusa kuandamana. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa wa 1966, ibara ya 21, unalinda mikusanyiko ya amani, na kamati ya UN inayosimamia mkataba huo ikafafanua 2020 kwamba kuwapa polisi taarifa kusigeuzwe kuwa kuomba kibali, ila cheki sheria ya kwenu inataka siku ngapi kabla, na mkipeleka barua hakikisheni nakala yenu imegongwa muhuri maana wakija kusema hawakuiona hamna pa kushika. Wasimamizi wavae refleksa waonekane. Na hili msilipuuze kabisa: kila mtu aandike namba ya wakili mkononi kwa kalamu, ukikamatwa simu inachukuliwa ya kwanza.