Mtungi wa kaboni dayoksaidi katika stoo

SWALI: Katika mgahawa ninaousimamia, mtungi wa kilo 20 wa kaboni dayoksaidi ya kutengenezea soda umewekwa kwenye stoo isiyo na dirisha. Je, kuna hatari? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Ipo, tena kubwa. Gesi hiyo imeshindiliwa hadi kuwa kimiminika, na kilo 20 zikivuja zote hutoa zaidi ya mita 10 za ujazo za gesi isiyo na rangi wala harufu ya kumwonya mtu, ambayo kwa kuwa ni nzito kuliko hewa hutuama sakafuni, kama inavyotuama katika mabonde yenye gesi ya volkeno karibu na Goma, mashariki mwa Kongo, ambako imeua watu na mifugo. Hewa ya kawaida ina takriban asilimia 0.04 tu ya gesi hii. Ikifika asilimia 5 mtu huhema kwa kasi na kuumwa kichwa, na ikifika 10 anaweza kuzimia ndani ya dakika chache hata kama oksijeni bado ipo, kwa sababu gesi yenyewe hudhuru mwili.

Hamishia mtungi mahali penye kivuli na hewa ya kutosha, usimame wima ukiwa umefungwa kwa mnyororo, kwani joto likipanda shinikizo la ndani huongezeka haraka. Usiguse kimiminika kinachovuja bila glavu za kukinga baridi kali, kwa maana hugeuka barafu ya nyuzi 78 chini ya sifuri. Na tafadhali wasisitizie wafanyakazi jambo hili: mwenzao akianguka penye mtungi, wasiingie kumwokoa bila kifaa cha kupumulia, bali wafungue milango na kuwaita zimamoto kwa namba 114.