C ya Hisabati kidato cha nne: niende PCM au nibadili tahasusi?

Mdogo wangu, umeuliza kama C ya Hisabati inatosha kwenda PCM, yaani tahasusi (mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano na sita) ya Fizikia, Kemia na Hisabati. C ya kidato cha nne huanzia alama 45 na kuishia 64, kwa hiyo herufi hiyo peke yake haisemi mengi. Muhimu ni kujua alama zako zilipotea wapi.

Chukua mtihani mmoja wa zamani wa NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania), ufanye kwa muda wa saa tatu bila daftari, kisha usahihishe kwa ukali. Ukikosa maswali ya uhasibu, takwimu au dunia kama tufe, usihofu sana. Ukikosa aljebra, hapo kuna kazi. Hisabati ya kidato cha tano haikusubiri: kwenye kalkulasi (hisabati ya kasi ya mabadiliko) utatakiwa kufungua (x + h)³ haraka na kupata x³ + 3x²h + 3xh² + h³. Anayeandika x³ + h³ hukwama hapo hapo, akadhani kalkulasi ndiyo ngumu.

Jipime pia kwa x² + 6x − 5 = 0 kwa kukamilisha mraba. Lazima ufike (x + 3)² = 14 bila kubahatisha. Kisha vipeo, logi, sehemu zenye herufi na trigonometria, maswali kumi kila siku hadi shule ifunguliwe.

Ukitaka uhandisi, mimi ningekwambia nenda, ila anza mazoezi leo. Kama lengo ni udaktari, PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) inakutosha. Huko utasoma BAM (Basic Applied Mathematics), ambayo ni nyepesi zaidi.