Re: RZR au Pioneer kwa tope la Kaliua?
Mkuu umeuliza kati ya Polaris RZR XP 1000 na Honda Pioneer 1000, vile vigari vidogo vya wazi vya porini, uchukue ipi kwa njia za Kaliua huku Tabora na kule porini kwenye mizinga yako ya nyuki. Kwa tope letu mimi nasema Pioneer. Injini zote ni cc 999, RZR ina nguvu zaidi ila kwenye tope usihangaike na hilo, angalia hiyo nguvu inafikaje kwenye tairi. RZR inatumia belti, Pioneer inatumia gia kabisa zinazojibadili zenyewe, sasa belti ikiingiwa maji inateleza, injini inalia weee na chombo kimesimama palepale, mwaka juzi nilikaa mbugani toka saa nane mpaka giza na chombo cha belti (kampuni siitaji), harufu ya mpira ulioungua mpaka kwenye shati, na mbu wa kule unawajua mwenyewe. RZR tamu kwa mbio na mchanga, shokapu zake zinameza mashimo balaa, ila ndoo za asali utaweka wapi? Pioneer ina bodi nyuma.

Tairi tafuta zenye meno marefu yaliyoachana, maana lile tope jeusi likishajaza meno unabaki na maandazi manne yanazunguka tu. Winchi (ile mota yenye waya ya kujivuta ukikwama) usikose, miti ya kufungia ipo ya kumwaga. Na ukirudi osha rejeta (ile ya kupoza injini) kabla tope halijakauka, kwa maji ya taratibu, ukipiga presha kwa karibu utapinda vile vibati vyake vyembamba.