Nikija Malindi nitaona nini? Majibu kwa wasomaji

Tangu shule zikaribie kufungwa, barua zinazonijia ni za safari tupu. Karibu zote zinauliza jambo moja: hayo ya kutazama ya Malindi yanafaa nauli, au ni sifa tu? Mimi nimezaliwa Shela (si ile ya Lamu, hii yetu ya Malindi), kwa hivyo upendeleo ninao. Nitajaribu kuuficha.

Swali: Shikamoo mzee. Mwaka jana nilipanda tuktuk hadi nguzo ya Vasco da Gama. Nikakuta mnara mweupe wenye msalaba, na bahari, basi. Dakika tano nimemaliza. Kuna kitu nilikosa, au ndiyo yenyewe? – Kijana wa Machakos

Jibu: Marahaba mwanangu. Ndiyo yenyewe. Mimi mwenyewe niliwahi kumpeleka mkwe wangu pale saa saba mchana, mwezi wa Januari, jua la kukaanga yai. Alisimama akaitazama, akanigeukia: "Umenitoa Taveta uje unionyeshe hii?" Nilimnunulia dafu, tukarudi nyumbani kimya kimya.

Kosa lilikuwa langu, sikumwambia kisa. Aprili 1498 Vasco alifika hapa akitokea Mombasa, ambako mambo yalimharibikia. Malindi na Mombasa hazikuwa zikipikika chungu kimoja, na mfalme wetu akaona huyu mgeni mwenye mizinga atamfaa. Akamkaribisha, akampa na rubani wa kumvusha hadi Calicut, India. Wakafika Mei ya mwaka huo huo. (Utaambiwa rubani ni Ahmad ibn Majid. Wanahistoria wengi wa sasa hawalikubali hilo.) Msalaba wa juu ndio wa kale, ni jiwe la kutoka Ureno. Mnara unaoubeba ni wa mawe ya matumbawe ya huku kwetu. Tena mwanzo haukuwa pale rasini, ulikuwa karibu na nyumba ya mfalme.

Ukirudi, nenda saa kumi na moja jioni. Upe nguzo mgongo utazame ghuba, mashua zikiingia. Na njiani simama kwenye kile kikanisa cha makuti cha Wareno. Francis Xavier, mmisionari Mkatoliki, alipita hapa mwaka 1542 akielekea India na kumzika mwenzake wa safari. Ni kadogo kuliko darasa la chekechea, lakini dakika kumi zako hazitapotea.

Swali: Nina wanafunzi arobaini na watano wa gredi ya sita na siku moja tu. Niwapeleke makumbusho ya mjini au Gede? – Mwalimu, Voi

Jibu: Gede, mwalimu. Makumbusho yetu ya mjini yamo katika jengo zuri la nguzo la mwisho wa karne ya 19, na mtu mzima mwenye utulivu atafaidi. Watoto arobaini na watano watalimaliza ukiwa bado unawahesabu mlangoni.

Gede iko kama kilomita kumi na tano kusini yetu, karibu na Watamu. Ni mji mzima wa Waswahili uliomezwa na msitu: msikiti mkuu, kasri, visima, kuta mbili za kuuzunguka mji, na vyoo vya ndani ya nyumba ambavyo nakuhakikishia ndivyo watoto watakavyovihadithia nyumbani. Mwanaakiolojia James Kirkman alipochimba kuanzia 1948, nyumba alizipa majina ya vitu vilivyokutwa humo. Kuna Nyumba ya Mkasi, kuna Nyumba ya Taa ya Chuma. Fanya hivi: wakifika mlangoni usiwaambie jina, waulize wao, aliyekaa hapa alikuwa nani? Nimeona msichana wa miaka kumi na moja akishikilia kwamba mwenye mkasi alikuwa fundi cherehani wa kike, na mwelekezi akashindwa kumtoa hapo.

Wapeleke pia kwenye kaburi lenye tarehe. Imechongwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Vasco babu yake huenda hajazaliwa.

Halafu waachie kitendawili. Wareno walikaa Malindi karibu miaka mia, na Gede hawakuiandika hata mara moja. Mji wenye vyombo vya kauri kutoka China, mwendo wa nusu siku kwa miguu, nao kimya. Mwanzoni mwa karne ya 17 wenyeji wakauhama. Wengine wanasema visima vilikauka, wengine vita, wengine biashara ilififia Wareno walipohamia Mombasa na Fort Jesus yao mwaka 1593. Mimi naona ni vyote kwa pamoja, kama kawaida ya mambo. UNESCO waliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, na sisi tulikuwa tukipita hapo miaka yote tukienda kununua maembe.

Mwelekezi lipa, lakini chagua. Mmoja aliwaambia wageni wangu kwamba mfalme alikuwa na wake arobaini, kila mmoja na mlango wake. Nikazihesabu zile milango. Hazikufika.

Swali: Hao nyani wa Gede wana madhara? Mwanangu ni mwoga. – Mama wa watoto wawili, Kilifi

Jibu: Ni kima, mama, si nyani, na wanamwogopa mwanao kuliko anavyowaogopa, ila ukishika chakula. Mimi mmoja alinipokonya karatasi ya mabuyu, akapanda juu ya ukuta wa karne ya 15, akayanyonya moja moja na kunitupia mbegu. Chakula kibaki garini.

Swali: Mke wangu anataka mashua ya kioo chini, atazame samaki. Likizo yangu ni Agosti. Inafaa? – Askari, Nakuru

Jibu: Kaka, Agosti ni kusi. Upepo unasukuma, mawimbi yanapanda, ufuo umejaa mwani. Hifadhi ya bahari ni nzuri kweli. Hii yetu na ya Watamu zilitengwa mwaka 1968, za kwanza Kenya. Lakini bahari haijui ratiba ya likizo yako. Tena tuna Mto Sabaki hapo kaskazini: mvua ikinyesha sana bara, unatuletea udongo wenu wote na maji yanakuwa rangi ya chai ya maziwa. Mkeo atalipia kutazama chai.

Ukiweza, sogeza hadi Februari au Machi, bahari imetulia. Kama Agosti ndiyo hiyo tu, usilipe chochote hotelini usiku. Amka, nenda ufuoni mwenyewe, muulize nahodha maji yanapwa saa ngapi. Matumbawe hutazamwa maji yakiwa yamepwa. Nahodha akikwambia "saa yoyote ni sawa", tafuta mwingine.

Swali: Kila nikiuliza kuhusu Malindi naambiwa Mreno, Mreno. Sisi hatuna chetu hapo? – Msomaji, Mariakani

Jibu: Swali hili nilikuwa nikilingoja. Kabla Vasco hajazaliwa, mwaka 1415, wajumbe wa Malindi walifika China na twiga, zawadi kwa mfalme Yongle. Wachina wakamdhania qilin, mnyama wa baraka wa hadithi zao. Twiga yule angekuwa wa taifa jingine, leo tungekuwa na sanamu lake kila mzunguko wa barabara.

Sanamu tuliyo nayo ni ya Mekatilili wa Menza, katika bustani yenye jina lake hapa mjini. Nenda, tena uende na mtoto. Mwaka 1913 Waingereza walitaka kodi na vijana wa Kigiriama wa kufanya kazi. Mama huyu mjane akazunguka vijijini akicheza ngoma ya kifudu na kuwaapisha watu wakatae. Wazee husimulia kwamba alimletea Mwingereza kuku mwenye vifaranga, akamwambia, haya, jaribu kuchukua kimoja. Kuku akamdonoa. Wakamkamata wakampeleka Kisii, akatoroka, akarudi kwa miguu. Kisii hadi huku! Mimi nikienda Mambrui kwa baiskeli nalala siku mbili.

Hakuna kiingilio pale, na pengine ndiyo sababu madereva wa tuktuk hawapataji.

Swali: Marafa je? Nasikia ni mbali na ni joto. – Bila jina

Jibu: Mbali, na joto. Nenda. Wenyewe wanapaita Nyari. Ni bonde lililochongwa na mvua, kuta zake nyeupe, manjano na nyekundu. Wanasema hapo palikuwa na matajiri waliokuwa wakioga maziwa ya ng'ombe, Mungu akawadidimiza: nyeupe ni maziwa, nyekundu ni damu. Fika saa kumi jioni, ushuke jua likianza kulegea. Ukienda mchana, barua ya malalamiko usiniandikie mimi.

Swali: Napita tu. Nitakuwa Malindi kwa muda wa saa tatu nikingoja basi la kwenda Lamu. Niende wapi kwanza? – Mwanafunzi, Nairobi

Jibu: Usiende nguzoni, utaitazama kwa haraka uje unilaumu. Acha mkoba ofisi ya basi, tembea hadi mji wa kale, Msikiti wa Juma. Nje utaona makaburi ya mnara ya zamani, na upande huo huo watumwa walikuwa wakinadiwa hadi 1873. Simama kidogo. Kisha tafuta mama anayeuza mahamri na mbaazi za nazi, ukae kwenye benchi lake. Ukimkuta amemaliza mbaazi, ujue umechelewa kuamka. Chukua viazi karai, na usisahau ukwaju.