Datsun 240Z ya urithi, Malindi: niliendeshe kila siku au nilifunike?

SWALI

Fundi, assalamu alaikum. Marehemu baba ameniachia Datsun 240Z ya mwaka 1972, injini ni ileile iliyotoka nayo kiwandani. Naishi Shela hapa Malindi, mita kama 300 kutoka ufukoni, na ofisi yangu iko mjini, kilomita 4. Moyo wangu wataka niliendeshe kila siku. Kaka zangu wanasema nilifunike kwa turubai uani, niwe naliwasha dakika kumi kila Ijumaa betri isife. Jirani naye anashauri nilipake oili chafu chini ya bodi kuzuia kutu. Nifuate lipi?

JIBU

Waalaikum salaam ndugu yangu, na Mungu amrehemu mzee. Katika hayo matatu usifuate hata moja. Gari hilo litoke kila baada ya siku saba hadi kumi, kwa safari moja ndefu ya kilomita 50 au zaidi. Likirudi lilale ndani ya chumba kilichofungwa, na masika yakiingia lipumzishwe kabisa. Kazini nenda na chombo kingine, hata bodaboda.

Injini hiyo ya L24, silinda sita, lita 2.4, haiogopi kazi. 240Z ilishinda Safari Rally mara mbili, 1971 chini ya Edgar Herrmann na Hans Schüller, kisha 1973 chini ya Shekhar Mehta na Lofty Drews, kwenye tope na vumbi la Afrika Mashariki. Ringi, beringi, klachi na gia boksi vikichakaa hununuliwa vingine, na injini hujengwa upya. Bodi ndiyo isiyo na mbadala. Bati la gari hilo ni jembamba na halikupakwa zinki kiwandani, na sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka minane, kwa hiyo usidhani utaagiza jingine kirahisi. Kila uamuzi wako upime kwa swali moja: je, hili linaiponya bodi au linaila?

Sasa tazama unapoishi. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na sehemu kubwa ya chumvi hiyo hutua katika mita mia chache za mwanzo kutoka ufukoni. Wewe umo humo humo. Chumvi huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevu unapofika takriban asilimia 75, na usiku wa Malindi mara nyingi hupita kiwango hicho. Maana yake ni kwamba gari ulilolifuta likakauka jioni, usiku lina tabaka jembamba la maji ya chumvi kwenye kila ufa usioufikia kwa kitambaa. Jua la asubuhi hulikausha, kesho usiku linarudi. Kusi inapovuma kwa nguvu hali huwa mbaya zaidi.

Turubai la plastiki juu ya gari, chini ya mti au ndani ya banda la makuti lisilo na kuta, huufungia unyevu huo ndani. Mvuke unaotoka ardhini hupanda, hukwama chini ya turubai na kutonea kwenye paa na boneti. Juu yake, upepo hulisugua turubai lenye mchanga dhidi ya rangi. Ukitaka kulifunika dhidi ya vumbi, tumia kitambaa cha pamba kinachopumua, na kifunike gari lililo ndani ya nyumba tu.

Huko kuliwasha dakika kumi kila Ijumaa nakuomba ukuache leo. Petroli lita moja ikiungua hutoa maji takriban lita moja. Injini ikiwa moto barabarani, maji hayo hutoka kama mvuke kupitia eksozi. Ikiwa imesimama uani inanguruma taratibu, mufla haipati joto la kutosha, maji hubaki ndani na kuila kutoka ndani kwenda nje. Mengine hupenya ringi na kushuka kwenye oili. Choki nayo huongeza petroli inayosafisha oili kwenye kuta za silinda. Betri nayo haifaidiki sana, kwa sababu jenereta ya gari hilo katika mzunguko wa chini huchaji kidogo tu. Gia boksi, difu na breki hazijasogea hata inchi. Ukifungua kifuniko cha oili ukaona uji mweupe umeganda chini yake, hayo ndiyo maji ninayoyasema.

Safari yako ya kilomita 4 ina ugonjwa huohuo. Oili inahitaji kufika karibu nyuzi 90 na kukaa hapo dakika ishirini au zaidi ndipo maji na petroli vitoke, na kwa kilomita 4 hufiki. Kisha gari litasimama mjini mchana kutwa juani, katikati ya tuktuk na mikokoteni, na kila mlango utakaofunguliwa kando yake ni hatari. Kuna na tatizo la muundo wake: kabureta mbili zimekaa juu kabisa ya manifoldi ya eksozi, upande mmoja wa injini. Kwenye msongamano wa mji na joto letu, petroli huchemka ndani ya bakuli za kabureta. Gari hukatakata, na ukilizima kwa dakika kumi hugoma kuwaka. Hakikisha bati la kukinga joto chini ya kabureta lipo. Katika magari mengi ya umri huo limeshatupwa na fundi aliyeona linamzuia spana.

Kwa hiyo safari ya wiki. Toka saa tatu asubuhi, umande ukiwa umekauka. Shika barabara ya Gede, pita kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, geuza Matsangoni urudi. Barabara hiyo imekaa mbali kidogo na bahari na ina kipande kirefu cha kwenda bila kusimamasimama. Kilomita 10 za mwanzo usizidishe mzunguko wa injini 3,000 kwa dakika. Baada ya hapo liachie lipumue, mpaka 4,500, si dhambi. Funga breki kwa nguvu mara tatu nne mahali palipo wazi ili diski za mbele na ngoma za nyuma zijisafishe kutu. Usitoke siku ya mvua wala barabara ikiwa na madimbwi, na usiliegeshe ufukoni hata kwa picha.

Katika 240Z, hewa chafu ya eksozi huvutwa ndani kupitia sili ya mlango wa nyuma na gasketi za taa za nyuma zilizokauka. Ukisikia harufu ya moshi ndani, usiendelee na safari ndefu mpaka umebadilisha sili hizo. Moshi huo huua.

Usiondoe thamostati, kile kifaa kinachozuia maji ya radieta mpaka injini ipate joto. Najua mafundi wengi wa pwani huitupa wakiamini gari litapoa zaidi. Injini isiyo na thamostati haifiki joto lake, na faida yote ya safari ya wiki inapotea. Weka ya nyuzi 82. Kwenye radieta usitie maji matupu, na maji ya kisima cha Malindi usiyasogeze kabisa, mengi yana chumvi. Kichwa cha injini hiyo ni aluminiamu na bloku ni chuma. Maji yenye chumvi yakikaa kati ya metali hizo mbili, aluminiamu huliwa kwanza, na utaona gasketi ya kichwa inavuja huku mashimo ya maji yamekuwa mapana. Changanya kulanti (dawa ya radieta) nusu na maji yaliyochujwa kama ya betri nusu, badilisha kila miaka miwili.

Oili ni 20W-50 ya kawaida, yenye zinki, kwa sababu kamshafti ya L24 husuguana moja kwa moja na roka. Inaingia takriban lita 4.7 pamoja na filta, lakini mwamuzi ni kijiti cha kupimia. Badilisha kila miezi sita hata kama hujafikisha kilomita 5,000. Nafasi ya valvu injini ikiwa baridi: 0.20 mm za kuingiza, 0.25 mm za kutoa. Mafuta ya breki badilisha kila mwaka. DOT 4 mpya huchemka kuanzia nyuzi 230, lakini ikishavuta maji yapata asilimia 3.7 kiwango chake kinaweza kushuka mpaka 155, na maji hayohayo hutoboa silinda za breki za nyuma kwa kutu.

Ukirudi, osha chini ya gari kwa maji ya bomba, yale yatokayo Baricho, au ya mvua uliyoyakinga. Elekeza mpira ndani ya matao ya magurudumu na kwenye kingo za chini za milango. Kisha liendeshe dakika chache likauke, ndipo liingie ndani.

Kabla ya yote, lakini, wiki hii inua mazulia yote na ukague bati. Kutu ya 240Z ina makazi yake: chini ya trei ya betri, sakafu chini ya viti, reli za chesisi zilizo chini ya sakafu hiyo, kona ya bodi mbele ya gurudumu la nyuma, nyuma ya gurudumu la mbele, na kisima cha tairi la akiba. Gonga kwa mpini wa bisbisi. Bati zima hulia, bovu hunyamaza. Pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa. Isiposhika, kuna puti na chini yake huenda hakuna bati. Halafu tazama chini ya grili iliyo mbele ya kioo cha mbele. Mna mifereji ya kutoa maji, na majani ya mvinje huiziba. Maji yakikosa njia huingia ndani ya fenda na kwenye sakafu. Isafishe kwa waya laini, mimina lita moja ya maji, na hakikisha yanatoka chini yote.

Chumba cha gari kiwe na kuta na mlango unaofunga sawasawa. Sakafu ikiwa mchanga au saruji ya kale, tandika nailoni nzito kabla ya mbao au saruji mpya, kwani unyevu hutoka ardhini. Nunua kipima unyevu na mashine ya kukausha hewa, uilenge asilimia 50 hadi 55. Usishuke chini ya 40. Ndoo za kalsiamu kloraidi zinazouzwa kukausha makabati usiziweke ndani ya gari, maana maji yanayokusanyika humo ni chumvi kali. Ziba matundu ya chumba kwa wavu wa chuma, panya wanapenda waya za umeme. Kama Shela huna chumba cha namna hiyo, kodi upande wa Ganda, mbali na bahari. Kilomita chache hizo zitaongeza miaka kwa bodi kuliko rangi yoyote.

Masika, kuanzia Aprili mpaka mvua zikatike Juni, gari lisitoke. Siku ya mwisho liendeshe mpaka oili iwe moto, uimwage papo hapo na utie mpya, kwa kuwa ya zamani ina asidi na haifai kulala na beringi. Jaza tangi pomoni. Tangi ni la chuma, nafasi tupu ndiko mvuke unakoganda. Petroli iliyomo kwenye bakuli za kabureta imwage, ikikaa miezi miwili kwenye joto hili hugeuka gundi na kuziba jeti. Toa nyaya za betri ukianza na hasi, ihamishe nje ya gari, uichaji irudi volti 12.6 kila ikishuka 12.4. Matairi yajaze psi 40. Handibreki iache huru, weka vigingi vya mbao, la sivyo viatu vya breki za nyuma vitagandana na ngoma. Ziba mdomo wa eksozi kwa kitambaa na ufunge kingine chekundu kwenye usukani kikukumbushe. Mara moja kwa wiki kanyaga klachi mara kumi, plati isije ikashikana na gurudumu la injini.

Kulitoa baada ya masika, chomoa waya wa koili na uzungushe stata sekunde kumi kwa vipindi mpaka sindano ya oili ipande. Rudisha waya, washa, ukague uvujaji, halafu jaribu breki uani kabla ya kutoka getini.

Kuhusu oili chafu ya jirani: ina asidi, maji na vipande vya chuma, huvimbisha bushi za mpira na humwagikia udongo wetu. Andasili, ile rangi nyeusi nzito ya kupaka chini ya gari, nayo naiogopa kwenye bodi ya kale, ikipasuka maji hujificha nyuma yake usiyaone mpaka bati litoboke. Tumia nta ya kupuliza ndani ya mashimo, ile inayobaki laini. Ipulizwe kwa bomba refu lenye ncha ya kuzunguka ndani ya reli, milango na vizingiti, gari likiwa limekaa kavu siku mbili chumbani. Wakati wa kupuliza ziba kwa tepu matundu ya kutolea maji, na jioni hiyohiyo yafungue yote.