Maswali ya RAM: soma lebo kabla hujatoa hela

Safari hii karibu maswali yote ni ya kompyuta za mezani za zamani, zile Dell OptiPlex na HP Compaq zinazouzwa mtumba. Waliouliza "RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) ya GB 8 itakubali?" bila kutaja mashine nimewaruka, isipokuwa mmoja.

Nina desktop ya Dell, nyeusi. Itakubali GB 8? (Morogoro)

Karibu zote ni nyeusi, ndugu yangu. Fungua Command Prompt, andika *wmic csproduct get name*, jina litatokea. DDR2, DDR3 na DDR4 ni vizazi vya RAM, na havichanganywi. OptiPlex 755 na 760 ni DDR2. 780, 790, 990 na 7010 ni DDR3. 3050 na 7050 ni DDR4. Ukishajua jina ndipo uende dukani.

Mashine yangu ni ya DDR2, nimeuziwa DDR3. Pini ni 240 zote mbili. Nikandamize kidogo? (Tanga)

Hapana. Ule mkato wa katikati ya pini umesogezwa makusudi ili isiingie: DDR2 inatumia volti 1.8, DDR3 1.5. Irudishe leo, kabla muuzaji hajakusahau.

Mtaalamu, madabodi (bodi kuu) yangu ni ya chipseti (chipu inayoiongoza bodi) ya G41, sloti mbili za DDR3. Nimeweka RAM moja ya GB 8, haiwaki. Kwenye kompyuta ya i5 ya jirani inafanya kazi vizuri. Nimeuziwa mbovu? (Nakuru)

RAM ni nzima, ila haikufaa. G41 mwisho wake ni GB 8 kwa jumla, yaani GB 4 kwa kila sloti. Na hata hiyo ya GB 4 usiokote yoyote. Chipseti hiyo inasoma chipu zisizozidi gigabiti 2 kila moja (gigabiti 8 ndiyo GB 1), kwa hiyo GB 4 inayokufaa ina chipu 16, nane kila upande. Zilizotengenezwa baadaye zina chipu nane tu za gigabiti 4. Ukiweka hizo, mashine ama haiwaki, ama inaona nusu.

Huna haja ya kuhesabu chipu ukiwa umesimama kwenye kaunta. Soma lebo. Ikiwa imeandikwa *4GB 2Rx8 PC3-10600U*, hiyo chukua. *2Rx8* ndiyo ile ya pande mbili, ukiona *1Rx8* iache. *PC3* ni DDR3, na 10600 ni ile kasi wanayoiita 1333. Herufi ya mwisho ndiyo inayowaliza watu: *U* ni ya desktop ya kawaida, *R* ni ya seva. Ya R inaingia kwenye sloti bila shida, bei yake inavutia, na mashine haitawaka nayo hata ufanye nini. Muuzaji akikwambia "zote ni DDR3 tu", hama duka.

Wenye DDR2 nao wajihadhari na GB 4 za bei ya chini zilizoandikwa kuwa ni za AMD, mshindani wa Intel kwenye prosesa. Kwenye madabodi ya Intel hazisomeki.

Nina GB 4 ya 1333. Nikiongeza GB 4 ya 1600 zitagombana? (Mwanza)

Kwa kawaida hapana. Zote zitakwenda kwa 1333, basi. Usiongeze hata shilingi kwa ajili ya hiyo 1600. Cha kuangalia ni sloti: mbili zenye ukubwa sawa, kila moja kwenye chaneli yake (njia ya data), zinaipita kwa kasi GB 8 moja iliyokaa peke yake. Mpangilio wa sloti umo kwenye kitabu cha mashine. Usibahatishe kwa rangi, kila kampuni ina utaratibu wake.

Nimeweka GB 8, Windows 7 inasema inayotumika ni 3.24. Fundi kanipiga? (Mombasa)

Windows yako ni ya biti 32, mwisho wake GB 4, na kadi ya picha na vifaa vingine vinamega humo humo. Weka ya biti 64. Haipandishwi juu ya ile ya zamani, inasakinishwa upya, kwa hiyo hamisha mafaili kwanza. Swali hili nimelijibu hadi nimechoka, na bado kila mwezi kuna fundi anayetukanwa bure.

HP Compaq yangu inalia mara tano, taa inamweka nyekundu, tangu niongeze RAM. (Bukoba)

Haisomi RAM. Chomoa waya ukutani, bonyeza swichi ya kuwasha kwa sekunde kumi umeme uliobaki uishe, kisha toa RAM zote. Sugua pini taratibu kwa raba ya penseli, pangusa vumbi lake. Rudisha moja tu na kandamiza hadi vishikio vijifunge vyenyewe. Ikiwaka, jaribu ya pili peke yake kwenye sloti ile ile. Ikigoma hapo, ni RAM. Ikikubali hapo lakini ikagoma kwenye sloti nyingine, ni sloti. Zikiwaka zote, endesha Memtest86+, programu ya kupima RAM, usiku kucha. Kosa moja tu jekundu linatosha kuirudisha dukani.

Nimefikisha GB 8 na bado mashine ni nzito. Niende 16? (Dodoma)

Fungua Task Manager wakati imekwama. Memory ikiwa nusu na Disk iko asilimia 100, tatizo ni diski ya kuzunguka. Hela ya hizo GB 16 nunua SSD (diski isiyozunguka) ya SATA.