Usiibane Fonti, Tafuta Iliyochorwa Nyembamba

Bango langu kubwa la kwanza lilikuwa na neno "YATAKAYOJADILIWA" kwenye kichwa. Nilikuwa nimeipenda Futura, fonti ya Paul Renner iliyotolewa Ujerumani mwaka 1927, ambayo O yake ni kama imechorwa kwa bikari. Neno halikuenea. Nikashika pembeni mwa kisanduku cha maandishi nikalisukuma hadi likaenea, upana ukabaki asilimia 60. Kwenye skrini niliridhika. Lilipotoka kuchapwa, O ilikuwa yai, na T na L zilikuwa na miguu myembamba na mistari ya mlalo minene isiyolingana nayo.

Ukibana hivyo, mistari ya wima hupoteza asilimia 40 ya unene wake, ya mlalo haipotezi kitu. Anayechora fonti nyembamba, yaani yenye herufi za upana mdogo, tangu mwanzo haligusi duara kwa namna hiyo. Huliacha. O yake huwa mistari miwili ya wima iliyofungwa juu na chini kwa nusu duara, kama njia ya wakimbiaji uwanjani. Kisha hupambana na M na W, zenye mistari minne inayogombea nafasi finyu, na hupunguza unene wake kidogo ili zisigeuke doa jeusi. Sisi tunaoandika Kiswahili tuanze kukagua hapo, maana m na w hatuziepuki hata katika sentensi moja.

Mimi hujaribu kila fonti ya aina hii kwa kuandika "walililia" na "dada aliona". Neno la kwanza likionekana kama ua wa fito, au a ikichanganyika na o na d ukirudi nyuma hatua chache, naiacha hata kama ni nzuri kiasi gani.

Wajerumani nao wana maneno marefu. Kiwango chao cha herufi za alama za barabarani, DIN 1451, kina aina nyembamba kwa ajili ya majina yasiyotosha kwenye kibao. Futura nayo ina Futura Condensed, na hiyo ndiyo niliyoihitaji siku ile.

Kwa vichwa vya mabango na majalada napenda Bebas Neue ya Ryoichi Tsunekawa. Ni ya bure, na ina herufi kubwa tu. Kwa kuwa herufi kubwa hazina mikia inayoshuka, unaweza kusogeza mistari ya kichwa karibu sana na ikasimama kama ukuta mmoja. Napenda mno mwonekano huo. Lakini usiitumie kwa aya. Macho huchoka mapema, kwa sababu nafasi ndani ya herufi ni ndogo na maneno yote yana kimo kimoja. Ikibidi kuandika maelezo mafupi chini ya picha kwa fonti nyembamba, chukua yenye herufi ndogo, uzito (unene wa mistari) wa kawaida, na uongeze nafasi kidogo kati ya herufi na herufi kabla ya kupeleka kiwandani.